Msiwasimamishe waandishi kwenye radi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakubwa wa televisheni, maana hili jambo linanikera kweli. Masika yakikolea huku Mwanza na mawingu yakishajaa ziwani, utaona kijana wa watu kasimamishwa ufukweni kwenye mawe, maiki mkononi, kalowa chapachapa, anapiga kelele eti watazamaji upepo ni mkali, sasa sisi wa Kirumba mabati si tunayasikia yanavyolia?

Watu wanadhani hatari ni kupeperushwa tu. Mei 2018 kule Marekani, mtangazaji Mike McCormick na mpiga picha Aaron Smeltzer wa kituo cha WYFF walikuwa Tryon, North Carolina, wanafuatilia mvua za dhoruba Alberto. Wakamhoji mkuu wa zimamoto wa pale, wakaongea mpaka habari za kuwa makini, haikupita muda mti mkubwa ukang'oka ukaangukia gari lao wakiwemo ndani, wakafa wote wawili, ardhi ilishalowa mizizi haikushika tena. Yaani hata laivu hawakuwepo! Na 2013 kule Oklahoma, tonado (ule upepo mkali wa kuzunguka kama nguzo) ya El Reno ililirusha gari la Weather Channel, televisheni yao ya hali ya hewa, hao walipona, ila Tim Samaras aliyezisoma tonado miaka na miaka ilimuua siku hiyohiyo yeye na mwanae na mwenzao.

Kwetu tonado siyo tatizo letu, sisi tuna radi. Radi haisubiri mvua ikufikie, inaweza kupiga hata kilomita 10 mbele ya mvua yenyewe, ukishasikia ngurumo ujue uko ndani ya eneo lake. Halafu mtu anasimama mahali peupe pembeni ya maji, gari la matangazo limenyanyua mlingoti, na mpiga picha jicho liko kwenye kamera haoni kinachokuja nyuma yake (huyu ndo namuonea huruma zaidi, hata jina lake hatulijui). Bado habari za visiwani, chombo kikizama huko waandishi nao wanakodi mtumbwi wakati ziwa halijatulia, wengine bila jaketi okozi.

Mimi nauza dagaa, wanaonivulia wanaingia ziwani usiku, na dhoruba zetu nyingi ndo huchemka usiku kuamkia asubuhi. Kinachowasaidia ni kusikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni kabla hawajasukuma mitumbwi, isomwe polepole na irudiwe, siyo itupiwe mwishoni kama salamu. Madhara mje kupiga picha asubuhi kukishatulia, Mto Mirongo wetu wa hapa mjini hautawakimbia.

Lingine, hawa waandishi wa mikoani wengi wanalipwa kwa stori, hawana mshahara, ndo maana mkubwa akisema nenda wanaenda. Hivi akivunjika mguu kwenye yale mawe, hospitali analipa nani, kituo au mama yake?

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza