Safari za kutwa kutoka Glasgow: barua kwa Bakari

Glasgow,
24 Agosti.

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Bagamoyo. Huku hatujambo. Orodha yako ya sehemu unazotaka kuona imefika, nami nimeifuta nusu. Usikasirike. Umeandika Glencoe, Loch Ness na Inverness, zote mbali kaskazini mwa Uskoti huku, kwa siku moja kwa sababu kuna mabasi ya watalii yanayouza safari hiyo. Yapo kweli, lakini piga hesabu: ni saa kumi na mbili hivi, na nyingi kati ya hizo umekaa kitini unatazama milima kupitia kioo chenye matone ya mvua. Milima ya kaskazini ukiitaka, nenda ukalale huko walau usiku mmoja. Kama ni kwenda na kurudi, yaliyo mazuri yako ndani ya saa moja au mbili za safari, na hayo ndiyo nakuandikia.

Kwanza stesheni, maana hapo ndipo wageni wengi wanapokosa treni. Glasgow ina stesheni kuu mbili. Queen Street ni ya kaskazini na mashariki: Stirling, Balloch, Edinburgh. Central ni ya kusini na magharibi: Wemyss Bay, Largs, Lanark, Blantyre. Kwa miguu kutoka moja hadi nyingine ni dakika kumi. Tena kila moja ina majukwaa ya chini ya ardhi, mbali na yale ya juu unayoyaona ukiingia. Treni ya Balloch hupita chini ya Queen Street, na ya Blantyre chini ya Central. Usisimame juu ukishangaa mbona haitangazwi. Nauli nayo imerahisika: tangu Septemba 2025 ScotRail, shirika la treni la Uskoti, wamefuta nauli ya juu ya saa za msongamano, kwa hiyo ondoka asubuhi mapema bila wasiwasi. Ratiba ni za saa 24, yaani 16:00 ni saa kumi yetu ya jioni. Jumapili treni hupungua. Kabla hujatoka nyumbani, jua treni ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.

Mtu wa Bagamoyo aanzie Blantyre. Treni haifiki nusu saa, kisha unatembea kidogo tu. Hapo, tarehe 19 Machi 1813, ndipo alipozaliwa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Afrika, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba liitwalo Shuttle Row. Familia 24, kila moja na chumba chake kimoja. Jengo hilo lenyewe ndilo makumbusho, yaliyofunguliwa 1929 na kufunguliwa upya 2021 baada ya matengenezo makubwa. Usikipite haraka kile chumba kimoja. Simama uhesabu: wazazi, watoto, jiko, vitanda, vyote humo. Alipofika miaka 10 alipelekwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ndipo aende shule ya usiku. Ninyi hapo mna Kanisa la Mnara, ulipolazwa mwili wake Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi, na wenzao, kuubeba kwa miezi kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Siku hizi makumbusho haya yanawapa Chuma na Susi nafasi yao, hawaachwi tena kuwa wapagazi wasio na majina. Soma hizo sehemu polepole, halafu ulinganishe na yanayosimuliwa hapo kwenu.

Ukitoka, usirudi stesheni. Vuka mto Clyde kwa daraja la waenda kwa miguu na ufuate njia ya kando ya mto hadi ngome ya Bothwell, mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo. Mvua ikinyesha njia hiyo ni tope tupu, viatu vya soli laini vitakuangusha. Ngome ni ya mawe mekundu, ya karne ya 13. Mnara wake mkubwa wa mviringo umebaki nusu, kama dafu lililopasuliwa. Waliofanya hivyo ni Waskoti wenyewe, mwaka 1337, baada ya kuikomboa, ili Waingereza wakirudi wasipate pa kujifichia.

Stirling ni dakika arobaini hivi kutoka Queen Street, kisha mlima wa dakika ishirini kwa miguu hadi ngomeni. Tiketi nunua mtandaoni kabla, ni nafuu kuliko mlangoni. Ukumbi Mkubwa aliojenga mfalme James IV utauona kutoka mbali, kwa sababu wameupaka chokaa yenye rangi kama ya samli, jinsi ulivyokuwa zamani. Wengine wanasema unachusha machoni. Mimi naona ngome nyingine zote ndizo zilizovuliwa nguo. Katika ngome hii Malkia Mary alivikwa taji la Uskoti, Septemba 1543, akiwa na miezi tisa tu.

Kosa la kawaida Stirling ni kubana ngome, mnara wa Wallace, shujaa wa Waskoti katika vita na Waingereza, na uwanja wa vita wa Bannockburn katika siku moja. Chukua viwili. Mnara wa Wallace ulikamilika 1869, una urefu wa mita 67 na ngazi 246, nyembamba za kuzunguka, na upepo wa juu ni wa kushikilia kofia. Ukiwa juu, tazama mto unavyojipinda kama nyoka: hapo ndipo jeshi la Uingereza liliponaswa 1297. Daraja lilikuwa jembamba, Waskoti wakangoja hadi sehemu ya adui ivuke, ndipo wakashambulia. Lakini daraja la mawe utakaloliona si lile, ni la baadaye. La vita lilikuwa la mbao.

New Lanark ni kijiji cha viwanda vya pamba kilichoanzishwa na David Dale katika miaka ya 1780, na tangu 2001 kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Treni ya Lanark huchukua karibu saa moja, kisha unateremka kwa miguu nusu saa. Kuteremka ni rahisi, mlima unakungoja wakati wa kurudi, kwa hiyo uliza basi mapema. Toka kijijini fuata mto kwenda juu hadi maporomoko ya Corra Linn. Hapa wengi hurudi wakinung'unika kwamba picha zimewadanganya. Sababu ni hii: maji mengi hupitishwa kwenye mabomba ya mtambo wa umeme uliopo hapo tangu 1927. Jua likiwaka siku kadhaa mfululizo, unabaki na mwamba na michirizi. Nenda siku mbili baada ya mvua kubwa. Mvua huku huhitaji kuiombea.

Siku ukitamani bahari, shuka Wemyss Bay. Stesheni yenyewe, ya mwaka 1903, ni ya kutazamwa: paa la kioo na chuma linalojikunja kama ua, na njia iliyofunikwa inayokuteremsha hadi gatini. Kivuko cha Rothesay, kisiwani Bute, ni dakika 35. Treni ikichelewa usitegemee kwamba kivuko kitakusubiri, acha nafasi. Rothesay kuna ngome ya mviringo iliyozungukwa na handaki la maji, na pale gatini kuna choo cha wanaume cha mwaka 1899, marumaru na shaba inayong'aa, ambacho watu hulipa ili wakione. Nacheka, lakini kweli ni kizuri.

Ziwa la Loch Lomond utaniuliza tu. Kosa ni kuishia Balloch penye maduka. Toka hapo chukua basi hadi Balmaha, ukapande kilima cha Conic Hill. Mita 361, usicheke wewe uliyezoea kusikia Kilimanjaro: ngazi zake hukata pumzi, na kilele unachokiona mwanzo sicho. Kupanda na kushuka weka saa tatu. Juu utaona visiwa vimepangana mstari mmoja na mlima ulipo. Huo ndio ufa wa ardhi unaotenga nyanda za chini na milima ya kaskazini.

Unafika mwisho wa Septemba, wakati jua linazama karibu saa moja jioni. Usidanganyike, kila wiki mchana unapungua nusu saa. Usubi watakuwa wamekaribia kwisha. Wale Julai na Agosti huuma hadi mtu akimbie, na dawa kubwa ni upepo. Mwavuli uache, utageuka nje ndani siku ya kwanza. Lete jeketi yenye kofia na soksi za akiba.

Niandikie tarehe kamili kabla hujanunua tiketi yoyote, kwa sababu makumbusho ya Blantyre hayafunguliwi kila siku, na kalenda hubadilika na majira. Siku yake ndiyo tutakayoipanga kwanza, nyingine zitafuata. Msalimie mama, na ukipata nafasi begini, ubuyu.

Wako,
Saidi