Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wakufunzi wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati tendaji ilikutana mara tano, wagonjwa tuliwajulia hali, misiba tulihudhuria. Mapato shilingi 2,340,000, matumizi 2,115,000, salio 225,000 liko benki. Mwenye swali amwone mweka hazina.

Nije kwenye semina ya hotelini ya kuwafundisha mafundi cherehani, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi leo. Ndiyo, niliifuta mimi. Kwenye kundi letu la WhatsApp imeandikwa kwamba nimewanyima watu posho, na mwingine akauliza pesa za ukumbi nimezila wapi. Ukumbi haukulipiwa hata senti, ningekula nini?

Mwaka juzi tuliwafungia mafundi cherehani siku mbili ukumbini, slaidi tisini na kitu, feni inazunguka. Baada ya chakula cha mchana nilihesabu kumi na mmoja wamelala. Wiki tatu baadaye nilikwenda kiwandani kwao, nyuzi zinakatika vilevile. Nami nilikuwa mmoja wa waliofundisha, kwa hiyo simsemi mtu.

Safari hii tuliwafuata kwenye mashine zao, sita sita, saa moja kila wiki kabla ya zamu, kwa wiki nane. Hatua ni zile nne ambazo Wamarekani walizitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipojaa watu wasiowahi kushika mashine: mwandae mtu, mwonyeshe, afanye mwenyewe huku akikueleza, kisha mfuatilie. Hiyo ya tatu ndiyo wengi wetu tunairuka, kwa sababu inatulazimu kunyamaza. Mama mmoja aliyefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ovaloki, mashine ya kushona kingo za nguo, alipofika hapo alinishika mkono akaniambia, “Mwalimu, uzi hauvuti hivyo, utakatika.” Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo kundi lile lilimsikiliza yeye kuliko mimi, na lilijifunza.

Wanaosema haya ni mambo ya kigeni wakumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Nani alilipwa posho ya kusikiliza? Na wiki nane badala ya siku mbili si ukaidi wangu. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alikwishaonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi mtu anavyosahau upesi asiporudia.

Nakiri kosa moja: kamati niliipa taarifa baada ya kuamua. Muda ulikuwa mfupi. Hata hivyo, kikao nilichokiitisha kujadili uamuzi huo walikuja wanne, nikiwemo mimi.

Hapo ndipo penye donda. Wanachama 61, waliolipa ada 23. Mkutano huu wenyewe umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na waliopaza sauti zaidi juu ya posho wengi wao siwaoni hapa. Nauli ya kwenda kiwandani wiki nane nilitoa mfukoni. Sidai, ila ijulikane.

Mwakani, Mungu akipenda na ada zikiingia, tunatarajia kufika viwanda vingine, na pengine kuandaa wafanyakazi wazoefu wafundishe wenzao. Vitini vya ile semina vilivyobaki, maboksi manne, viko sebuleni kwangu. Anayevihitaji aje avichukue kabla ya Jumamosi, mama watoto ameshachoka.