Somo la Alhamisi: Yeremia 32

Bwana asifiwe, wapendwa wa Kondele. Alhamisi ni Yeremia 32, na tafadhali msiishie mstari wa 15. Babeli wameuzingira Yerusalemu, Yeremia yuko kifungoni, na bado Mungu anamtuma anunue shamba la Anathothi: shekeli 17 za fedha zapimwa mizanini, mashahidi watia sahihi, hati mbili, ya muhuri na ya wazi, zatiwa katika chombo cha udongo zisioze. Ardhi ambayo adui ameshaikalia!

Wengi hurukia mstari wa 37, “nitawakusanya”, wakaacha mistari ya 28–35. Ukiruka hapo, rehema inakuwa nyepesi mno, maana hujaona mji ukichomwa wala kwa nini. Someni pia Yeremia 29:10 kabla ya ile ahadi ya tumaini ya 29:11. Ile miaka 70 ya Babeli hutajwa kwanza. Mwenye Biblia ya Kijaluo aje nayo.