Shukrani kwa dereva wa lori, Barabara ya Mombasa

Ijumaa iliyopita alasiri, baina ya Mtito Andei na Voi, Kombi yetu ya mwaka 1976, yenye vitanda, jiko la gesi na paa la kuinuliwa, ilianza kunuka petroli tukiwa na watoto wawili ndani. Waliosimama kabla yako, ndugu dereva, walitushauri kwa nia njema tuongeze maji kwenye rejeta, ilhali injini hii hupozwa kwa upepo na rejeta haina kabisa.

Wewe uliweka matawi barabarani nyuma yetu, ukawapeleka watoto mbali na gari, ukaniagiza nitoe waya wa betri, kisha ukasubiri injini ipoe kabla ya kugusa chochote. Ulipoukunja mpira wa petroli karibu na kabureta, nyufa zilifunguka kama magaga ya kisigino, na tone likakuangukia kidoleni. Ulikata kipande cha mpira mpya uliokuwa nao kwenye lori, ukakikaza kwa klipu mbili, ukanitaka niwashe injini huku umeshika kizima-moto. Pesa ulikataa, chai ya jiko letu uliinywa ukiwa umesimama.

Nakiri kwamba mpira ule sikuwahi kuubadilisha tangu ninunue gari. Sasa nimebadilisha yote, hadi ule wa kwenye tangi. Wenzangu wenye magari ya aina hii, ikagueni mipira yenu, na mkimwona mtu amekwama njiani, simameni.

Jina lako sikuliuliza, lakini watoto wanakuita Mjomba Matawi.