Unafuu wa kodi uende kwa viwanda vinavyotumia gesi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa mageuzi ya sera ya viwanda, hasa kuhusu hewa tunayovuta sisi majirani wa viwanda Dar es Salaam. Sera ya 1996 ilipangiwa kufika 2020, na jiji limekua mno tangu hapo. Mimi nakaa Vingunguti. Nikianika shuka nyeupe asubuhi, jioni naianua ina vumbi jeusi linaloganda kidoleni kama masizi ya chungu. Upepo ukigeukia kwetu, mjukuu wangu hukohoa usiku kucha.

Dawa tunayo. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo ilifika jijini 2004, na haitoi masizi kama mafuta mazito au kuni. Lakini bomba halijapita kila mahali, na mwenye kiwanda hutazama gharama kwanza; kwa hilo simlaumu.

Kwa hiyo Serikali iuunganishe unafuu wa kodi na matumizi ya nishati safi: anayehamia gesi apewe, anayeendelea kutufukiza asipewe. NEMC, baraza la taifa la mazingira, nayo iweke vipimo vya hewa Vingunguti na Buguruni, na matokeo yabandikwe kila mwezi kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Mkazi wa Vingunguti,
Dar es Salaam