Barua ndani ya gunia la ndizi

Marangu,
Jumatatu, 6 Januari 2025

Mama Naomi mwenzangu,

Bwana asifiwe. Habari za Goba, habari za joto, habari za Frenki na mkewe na yule mjukuu wa meno mawili? Sisi huku wazima. Mlima umefunguka tangu juzi, asubuhi unauona mpaka mikunjo yake.

Usiniulize kwa nini naandika barua na simu ipo. Simu yako anashika mjukuu, na ukipigiwa unaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Yangu kaninunulia Aika, na kila nikiishika naona kama yumo humo ndani ananichungulia. Ninalotaka kukuambia si la sauti kubwa. Ndiyo maana nimelizungushia gazeti na kulizamisha katikati ya ndizi. Ukilikuta na utomvu, unisamehe.

Najua nimekaa kimya tangu Septemba. Sababu nitakueleza, usiniharakishe.

Basi, watoto walikuja. Wote watatu! Tangu tumzike baba yao 2019 hawajawahi kulala chini ya paa moja. Aika alifika tarehe 22 na gari limejaa watoto na maboksi, anailaani foleni ya Himo kama vile mimi ndiye niliyeipanga. Elibariki na mkewe walitoka Mwanza, wakalala njiani. Godlisten alitoka Dodoma, akafika mkesha wenyewe usiku, kasimama nusu ya safari kwenye basi, mtu mzima yule na kitambi chake. Magodoro yalitandikwa sebuleni kama hospitali. Nilipita kati yao na tochi usiku nikiwahesabu, wajukuu saba, nikarudia kuhesabu nikapata nane, kumbe mmoja ni mtoto wa jirani kapitiwa na usingizi hapa hapa.

Siku ya Krismasi niliamka saa kumi alfajiri kama miaka yote, nikajipaka mafuta mikononi nianze kumenya mshare. Nakuta jikoni kuna taa. Aika yuko pale, na mke wa Elibariki, na beseni la ndizi zimeshamenywa zote zinaelea kwenye maji. "Mama, rudi ulale." Nikasema nimelala vya kutosha. "Basi kaa." Wakaniletea kile kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka mlangoni, si ndani si nje, nikakaa kama mgeni rasmi, mafuta yananichuruzika vidoleni.

Nyama ilipoiva nikangoja nione nani atashika mwiko. Aika akatoa blenda kwenye begi. Blenda, Mama Naomi! Kwa mtori! Ikaunguruma mpaka ng'ombe akaitikia bandani. Ule mtori tulionyweshana mimi na wewe kila mmoja alipojifungua, tukiuponda mpaka bega linauma, yeye kaumaliza kwa kubonyeza kitufe, huku anaongea na simu. Na ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilirudia bakuli.

Mkwe wangu, yule Msukuma, aliniona. Akaja kuinama kwenye kiti changu kama anaokota kitu, akanong'ona: "Mama, mimi kuponda sijui. Jumamosi wakishuka Moshi mjini utanifundisha?" Tukaponda Jumamosi, sisi wawili, tumefunga mlango kama wezi. Mikono anayo. Nakumbuka ulivyosema siku ya harusi kwamba huyu hatadumu na ndizi zetu. Ulikosea, na mimi nilikubaliana nawe, kwa hiyo tulikosea wote.

Sasa jambo la kaka na mdogo wake. Ugomvi wao wa mpaka unaujua, sirudii. Tarehe 26 asubuhi tulishuka kusafisha kaburi la baba yao. Elibariki alitangulia migombani peke yake, akarudi na jani la sale, lile letu la kuombea msamaha, amelifunga fundo. Hakusema kitu. Godlisten alikuwa anamwaga maji kwenye vigae vya kaburi. Kaka yake akamnyooshea lile jani. Godlisten akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. Ndoo ikamtoka mkononi, maji yakatulowanisha viatu wote. Halafu akalipokea. Basi, hakuna hotuba. Mmoja akachukua fagio, mwingine akaenda kujaza ndoo, lakini walikuwa wanafagia upande mmoja wa kaburi, wanagongana viwiko. Mimi nilisimama pale nimeshika kitambaa cha vumbi, siwezi hata kufuta machozi nacho.

Ndiyo maana Jumapili nilimpeleka jogoo kanisani. Unamkumbuka yule mwekundu? Amekua, wajukuu wanamwita Mchungaji kwa sababu anawaamsha watu ambao hawajataka. Nilikuwa simuuzi hata kwa elfu arobaini. Lakini nilisema moyoni, hii ni shukrani, na shukrani isiyouma ni salamu tu. Nikamfunga miguu, nikamtoa sadaka. Baada ya ibada mnada ukaanza. Kwanza yakapita mayai, ukapita mkungu wa Mama Wito (anatoa zilezile zenye madoa, hajabadilika), akafika jogoo wangu. Elfu kumi na tano, ishirini, thelathini. Nikasikia sauti nyuma, "Hamsini!" Godlisten. Upande wa pili, "Sitini!" Elibariki. Wameshindana wawili hao mpaka tisini, kanisa zima linacheka, na mjukuu wangu mdogo anapiga kelele, "Baba, mnunue Mchungaji!" na mchungaji mwenyewe kasimama palepale na joho lake. Sijui nilijificha wapi.

Wakaja wote wawili wamembeba, wakaniwekea mapajani ndani ya gari. "Mama, jogoo wako huyo." Sasa niambie, hiyo bado ni sadaka? Fedha imeingia kanisani, sawa, lakini kitu nilichokitoa kimelala bandani kwangu. Kumchinja siwezi, kumuuza siwezi. Amekuwa kama mstaafu, anakula na hana kazi.

Sasa ndiyo tunafika.

Jumapili hiyo hiyo usiku nilikwenda bandani kumkatia ng'ombe mgomba. Wao walikuwa barazani, na kati yetu ni mbao tu. Namsikia Aika: "Chumba cha chini kipo, choo humo humo, hapandi ngazi." Elibariki: "Ng'ombe auzwe Januari, wakati bei nzuri." Kimya kidogo. Halafu Godlisten: "Nakubaliana na kaka."

Nakubaliana na kaka! Mama Naomi, miaka mitano nimepiga magoti nikiomba nisikie maneno hayo matatu kutoka kinywa cha yule mtoto. Wewe ni shahidi, tumefunga pamoja. Haya, nimeyasikia. Na jambo la kwanza walilokubaliana ni kunihamisha mimi.

Nilisimama na panga mkononi mpaka ng'ombe akaanza kunilamba kiwiko.

Asubuhi yake hawakuniambia. Walinikalisha tena kwenye kile kiti, wakaniletea mtungi wa gesi, kitenge cha nta, na bahasha. Aika akatoa hotuba. Alisema vizuri sana, siwezi kumsingizia. Alikumbuka mpaka ule mwaka wa karo, baba yake alipouza baiskeli. Akamalizia: "Mama, umefanya kazi yako, sasa pumzika." Wote wakapiga makofi. Mimi maneno hayo nilishaambiwa mara moja, siku ninastaafu, nikapewa na saa ya ukutani. Nilisema asante. Unajua, mtoto tulimpa jina la asante, na miaka arobaini na moja nimekuwa nikiliita humu ndani liniletee chumvi, linishikie tochi, lakini siku hiyo lilikuwa zito kulitamka. Nikasema "aika", asante ya Kichagga, na Aika akadhani namwita.

Sababu ya kimya changu ni hii. Oktoba nilianguka. Zamu yangu ya maji ya mfereji iliangukia saa tisa usiku, nikaenda, sikutaka kumwamsha kijana wa watu. Pale kwenye jiwe la kugeuzia maji nikateleza. Mguu ukakataa kabisa. Nimekaa pale kwenye tope mpaka kulipopambazuka, mtoto mmoja akapita kwenda kukata majani akanikuta naimba tenzi ili nisisinzie. Kifundo kilivimba kama fenesi changa. Wiki sita za fimbo. Sikumwambia mtu, si watoto, si wewe, maana wewe ungemwambia Aika kabla hujakata simu. Kumbe jirani alishapiga simu siku ileile.

Kwa hiyo hawana makosa. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Wangekuwa na makosa ningewafokea, mambo yangeisha, tukanywa chai. Lakini nitamfokea mtu kwa kuogopa mama yake asije akafia mferejini? Na usiku ule kwenye tope, nikwambie wewe tu, niliogopa. Sikumwogopa Ruwa, Mungu wetu. Niliogopa kwamba ng'ombe atalala na njaa na hakuna atakayejua kwa nini.

Wameondoka tarehe 3 na 4. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekuta soksi moja ya mtoto nyuma ya kochi, nimeifua, nimeianika, inaning'inia peke yake kwenye kamba mpaka leo. Gesi sijaiwasha. Nimewasha mafiga, nikapika mtori wa mtu mmoja, na unajua mtori wa mtu mmoja haupikiki, nimekula siku tatu.

Aika amesema atakuja Pasaka "tuongee". Pasaka mwaka huu ni tarehe 20 Aprili, nimeshaangalia kalenda. Sasa naomba unisaidie. Huyu ni mtoto wako wa ubatizo, na wewe anakusikiliza kuliko mimi, sijui umemlisha nini. Kabla ya Pasaka, akija kwako Jumapili moja, mvute kando. Usimwambie nimekataa. Usimwambie nimekubali pia. Mwambie… sijui umwambie nini. Mwambie waniulize. Nilichokisikia kule barazani kilikuwa kizuri chote, chumba, choo, ngazi, kila kitu walikifikiria, ila hakuna aliyesema "tumuulize". Nilikuwa nawaza labda nitafute binti wa kukaa naye, na zamu ya maji ya usiku nimlipe kijana, na ng'ombe abaki. Au niende miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, kifundo kinaponiuma, nirudi kabla ya vuli. Halafu nawaza ng'ombe hiyo miezi mitatu atakula nini, mawazo yanakatikia hapo.

Lakini kabla hujaongea naye, uongee na mimi, na uniambie kweli, sio ile kweli ya kwenye simu na mkwe wako amekaa pembeni. Wewe ulihama mwaka wa tatu sasa. Unaamka saa ngapi, na ukishaamka unafanya nini? Jikoni unaingia au na wewe umepewa kiti? Kiko wapi hicho kiti? Kichagga unaongea na nani? Kuku wako uliwauza au uliwagawa, na uliwezaje? Ukiota, unajiona uko Goba au uko huku? Chumbani kwako wanabisha hodi? Uliwahi kusema unataka kurudi, hata mara moja, hata kwa utani, na walijibuje? Maana kurudishwa tutarudishwa tu, gari litakodiwa na maturubai yatafungwa, kwa hilo sina wasiwasi. Mimi nauliza haya ya kabla.

Na jogoo nimfanyeje?

Nijibu kwa barua. Mpe yule kondakta wa siku zote, ananijua, ataiacha dukani kwa Mama Wito. Usimpe Frenki aipige picha.

Mkungu niliokutumia una chane tisa, mshare mtupu, nimeukata jana jioni, usiache ukakaa. Chane tatu zako, tatu za mkweo, moja ya yule mama Mpare wa getini uliyenisifia. Mbili mpe Aika. Mwambie zimetoka kwangu, na kwamba hizi hazijapata ruhusa ya kuingia kwenye blenda.

Mwenzako,
Mama Aika