Barua kwa Neema, aliyeko Cape Town

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema usharika wenu umekuomba uingie kwenye kamati ya kushughulikia ubaguzi, na unahisi wamekuita kwa rangi yako tu. Inawezekana. Ingia hivyo hivyo, ila jua unaingia wapi.

Huko Afrika Kusini dhambi hii ilikaa kwenye meza ya Bwana kabla haijaandikwa kwenye sheria. Mwaka 1857 sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi iliruhusu wasio wazungu waabudu kando, eti kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi". Wadhaifu wenyewe ni wazungu waliokataa kushiriki kikombe kimoja na wenzao! Ruhusa ikageuka desturi, na 1881 hao wasio wazungu wakatengenezewa kanisa lao. Serikali ya apartheid ilipoingia madarakani 1948, ilikuta waumini wameshatenganishwa.

Na sisi Walutheri tusijitoe. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana hapa hapa Dar es Salaam, mkutano ule ule uliomchagua Baba Askofu Kibira wa Bukoba kuwa rais. Wakatamka kwamba kuukataa mfumo wa apartheid ni jambo la imani, wala si siasa ya kila mtu na maoni yake. Tamko zuri. Lakini hadi 1984, kule Budapest, ndipo makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yaliposimamishwa uanachama. Miaka saba, Neema!

Ndiyo maana Jumapili moja ya mapambio ya Kixhosa, lugha ya weusi wengi wa huko, hainishtui. Wewe uliza nani anaweka sahihi benki. Uliza kama ibada za pamoja ni kwenu kila mara, au na ninyi mnakwenda Khayelitsha, kule pembezoni mwa jiji wanakokaa weusi, na nauli inatoka mfuko gani. Umeniambia baraza la wazee linakaa saa moja usiku. Mtu wa Khayelitsha asiye na gari atarudije kwake? Halafu wanashangaa hagombei uzee wa kanisa. Anza na hiyo saa ya kikao. Ni jambo dogo, na hapo utaona nani yuko tayari kusumbuka.

Wakikupa kusoma sala tu, omba uwekwe kwenye kamati ya fedha. Hesabu unazijua, baba yako amelipa ada ya kutosha.

Niandikie baada ya kikao cha kwanza, na koti jipya ununue, baridi ya huko siyo ya kuchezea.

Mama yako